Kisigino Kilikuwa Kimelala

Kaka yangu aliuawa na ngumi ambayo ukumbi mzima uliamini ameiomba mwenyewe. Nalisema mapema, msije mkasoma huku mkingoja ashinde.

Mimi shule niliishia darasa la tano, kijijini kwetu Usoke, tumbaku ya baba ilipohitaji mikono. Kilichobaki nilifundishwa na kaka, ndani ya bani, lile banda refu la udongo tunalokaushia tumbaku. Msimu ukiisha bani hubaki tupu, lakini harufu haiondoki, inawasha koo. Humo ndimo alimonifunga kamba kiunoni, ncha ya pili akaifunga kwenye nguzo.

"Haya, kimbia," akasema.

Nikarudi nyuma, kamba ikanivuta. Akanipiga ya pua.

"Umeona? Nyuma hakuna nyumba, mdogo wangu. Kaa hapohapo."

Wengine hufundishwa kupiga. Mimi nilifundishwa kukoswa. Usitazame mikono, alisema, mkono ni mwongo. Tazama bega, bega halijui kudanganya. Mwenzako akirusha ngumi, kule ilikotoka pamebaki wazi. Usingoje airudishe. Sogeza kichwa kidogo tu, ya kwako iondoke wakati ya kwake bado iko njiani. Mimi nilikuwa na haraka, narusha kabla ya wakati, naye ananicheka: "Wewe unajibu kabla hujaulizwa, kama mlevi kilabuni."

Mwishoni ndipo akanipa mtego. Unaushusha mkono wa kushoto mpaka pajani, kama umeusahau. Mwenzako anaona uso uko wazi, anarusha kwa pupa, na mkono wako wa kulia unapita juu ya wake. Lakini siri haiko mkononi. Iko mguuni. Kisigino cha nyuma lazima kiwe juu, maana nguvu inatoka huko.

"Kisigino kikilala," akaniambia, "huo si mtego tena. Hapo mtu anasinzia."

Hayo alinifundisha mimi na akamweleza kocha wake wa Tabora mjini. Kocha akawa anayasimulia kama yake. Sawa. Nasema tu kwamba aliyajua.

Siku ya pambano promota, ambaye kazi yake ni duka la mbolea, alituletea mpinzani, Mzaramo kutoka Dar. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wakishuka na mizigo pwani. Basi kwenye kupima uzito hapakukalika kwa kicheko.

"Mtani," Mzaramo akasema, "babu yako alibeba pembe za ndovu mpaka kwetu. Leo utanibeba mimi mpaka hospitali."

Kaka akajibu, "Babu alipofika huko alimkuta babu yako kalala chali, anangoja nazi idondoke. Wewe nazi yako leo nitakudondoshea mimi."

Promota alicheka mpaka akashika mzani. Nikamuuliza daktari yuko wapi. Akanionyesha kijana wa duka la dawa, amevikwa koti jeupe, anachezea simu.

Raundi za mwanzo kaka alipigana kama nilivyomjua. Hakukimbia, hakufuata. Mzaramo anarusha, anakuta hewa, anakula ya kwake. Watu walishajua mtego, mkono wa kushoto ukishuka tu, ukumbi unapiga kelele, "Anamtega! Anamtega!" Wengine wanawahi kuinua simu wapige picha.

Kisha, katika kukumbatiana, ngumi moja ikampata nyuma ya sikio. Haikuwa kubwa. Kengele ikalia, akaja kwenye kona nilipokuwa na kocha, akaniomba maji huku ameyashika mkononi.

Raundi iliyofuata mkono ukashuka. Ukumbi ukalipuka. Mimi nikatazama mguu. Kisigino kilikuwa kimelala, kimelala kabisa, kama cha mtu anayesubiri treni.

"Kocha, kisigino kiko chini. Tupa taulo."

Taulo lilikuwa shingoni mwake. "Nyamaza, utaharibu mtego. Kaka yako anajua anachofanya."

"Kocha, hategi!"

Nikaruka kulivuta lile taulo, akanisukuma, nikaangukia ndoo.

Mzaramo alikuwa amesimama. Hilo lazima niliseme. Alisimama, akamtazama refa. Refa naye anacheka na watu, akapunga mikono: "Pigana, pigana! Mtani wako anakuchora tu huyo."

Akapiga. Kaka akaanguka bila kutanguliza mkono. Kesho yake mchana, hospitali, akafa.

Majina yao wanayajua wenyewe. Kocha, ambaye taulo lilikuwa shingoni mwake. Refa, aliyecheka. Promota, aliyemvika muuza dawa koti la daktari. Watu wananiambia nimwachie Mungu, ajali kazini. Ile picha ya simu bado inazunguka kwenye magrupu, na chini wameandika kwamba alitega hadi mwisho.

Tulimzika Usoke, nyuma ya bani. Mchungaji wa Moravian alipomaliza, kocha akaomba neno. Akasema, "Amekufa akiwa kazini, akitega. Bondia wa kweli." Watu wakaitikia kwa kichwa. Promota alikuwepo, refa yuko pembeni yake.

Ndipo Mzaramo akajitokeza kutoka kwa watu. Hakuwa amerudi Dar. Mtani haondoki kabla ya mazishi. Na kwetu mtani msibani husema lolote, hakuna ruhusa ya kumkasirikia. Akapanda lundo la udongo, akashusha mkono wa kushoto, akalegeza shingo, akasimama vilevile kaka alivyosimama. Vicheko vikaanza huku watu wanalia.

"Wanyamwezi, nyie watu gani? Mtu kachoka, nyie mnasema mtego! Nikamtazama refa: mzee, mpagazi wenu mzigo umemshinda! Refa meno nje. Nikatazama kocha: taulo kajifunga shingoni kama anakwenda kuoga! Mimi nifanyeje? Nikapiga!"

Watu wakacheka zaidi. Refa akacheka. Kocha naye akacheka, akatikisa kichwa na kusema, "Watani bwana." Ukweli wote ulisemwa mbele ya kaburi, kwa sauti, na ukaishia hapo. Mimi nilimtazama Mzaramo miguu. Visigino vyote viwili vilikuwa vimezama kwenye udongo, na yeye mwenyewe hakucheka.

Mama alikuwa kwenye mkeka na wanawake, kwa mbali. Nilipomfikia akaniuliza kwa Kinyamwezi, "Wanacheka nini?"

Nikamwambia, "Mtani anaigiza jinsi kaka alivyoshusha mkono. Kocha anasema alikuwa anatega."

"Mkono upi?"

"Wa kushoto."

Akaukunja upande wa khanga yake, akaukunjua, akaukunja tena.

"Alikuwa amechoka," akasema. "Tangu mdogo, akibeba tumbaku, akichoka huo ndio unaoanguka kwanza. Nilikuwa namtua."