Mstari wa Kumi

Abiria anayepita Igalula kwa mara ya kwanza huchungulia dirishani mwa behewa, akamwona Mwanajuma, akamhurumia. Anaona mama wa makamo mwenye beseni la karanga za kuchemsha kichwani na mtoto mgongoni, mtoto aliyefungwa kwa kanga hadi utosi hauonekani. Kisha mtoto huyo anatoa sauti nzito ya kiume: "Sasa ni saa kumi kamili. Karibuni tena katika kipindi cha salamu!" Abiria anashtuka, jirani zake kwenye behewa wanacheka, na karanga zinaanza kununuliwa.

Ni redio. Mwanajuma alianza kuibeba miaka ishirini iliyopita, Hafsa, binti yake wa mwisho, alipokataa kubebwa. Hafsa akashuka mgongoni, redio ikapanda. Mikono yake miwili ina kazi ya kupima karanga, na kipindi hakisubiri mtu. Wakimtania kwamba atapinda mgongo, ana jibu lake:

"Wanyamwezi tumebeba mizigo ya watu kwa miguu mpaka pwani, mimi nishindwe na redio?"

Kipindi anachokipenda ni kile cha salamu, kinachorushwa na redio moja ya Tabora mjini. Siku hizi wasikilizaji wengi hutuma salamu kwa simu, lakini Mwanajuma bado anajaza kadi. Kadi ya salamu ina mistari kumi ya majina, na chini yake nafasi ndogo ya ujumbe. Kwake, mistari hiyo kumi ni ukoo mzima. Kabla ya kuijaza hufikiri kwa siku mbili: nani amejifungua, nani amefiwa, nani ameanza kujenga, nani akitajwa nyuma ya nani atanuna. Anayetajwa hewani hutembea wiki nzima kifua mbele.

Kadi kama hiyo ndiyo iliyomgombanisha na Nyamizi, wifi yake wa Bukene.

Ilikuwa sikukuu ya Idi, miaka miwili iliyopita. Mwanajuma alimweka Nyamizi kwenye mstari wa kumi, na alifanya hivyo kwa mapenzi. Aliwasikiliza watangazaji kwa miaka mingi akagundua jambo: majina tisa husomwa haraka haraka kama watoto wanavyoitwa darasani, lakini la kumi huvutwa, hupambwa, kisha wimbo unaingia. Jina la kumi ndilo linalobaki sikioni. Siku ile muda ulikuwa umekwisha. Mtangazaji akasoma majina tisa, akatazama saa, akamalizia, "na wengine wote!" Wimbo ukaingia.

Kule Bukene, Nyamizi alikuwa ametandika mikeka uani na kuwaita majirani waje wamsikie akitajwa.

Tangu siku hiyo hakukanyaga Igalula. Abbasi, mume wa Mwanajuma na kaka yake Nyamizi, alijaribu kumweleza kwa simu habari za heshima ya mstari wa kumi. Alikatwa kauli.

"Mwambie mkeo mimi naitwa Na Wengine Wote," alisema Nyamizi. "Jina zuri, nimelizoea."

Mwanajuma aliumia, lakini aliona hasira za wifi huisha zenyewe. Akangoja. Mwaka ukapita, na wa pili ukaanza. Kisha Hafsa akachumbiwa, siku ya harusi ikapangwa, na kungoja kukawa hakufai tena. Katika ukoo wa Abbasi, bibi harusi hatoki chumbani mpaka shangazi yake amfungulie mlango na kumshika mkono. Hafsa alikuwa na shangazi mmoja tu duniani.

Abbasi akapiga simu tena. Jibu likaja lilelile: "Na Wengine Wote atakuja kufanya nini kwenye harusi ya watu wenye majina?"

"Dada yangu namjua," Abbasi alisema, akiweka simu chini. "Huyu akinuna, hununa mpaka na kuku."

"Mama, si umtumie ujumbe wa sauti?" Hafsa alishauri, kidole kikiwa tayari kwenye simu yake. "Namrekodia sasa hivi, unamwomba msamaha, yamekwisha."

"Ujumbe wa sauti atausikia nani? Yeye na mto wake," alijibu Mwanajuma. "Alivunjiwa heshima hewani, mwanangu. Itarudishwa hewani."

Asubuhi iliyofuata alikwenda Tabora mjini, moja kwa moja hadi kwenye duka la madaftari la mzee Sultanali, ambaye ndiye anayechapisha kadi hizo katika chumba cha nyuma.

"Shikamoo, mzee Sultanali."

"Marahaba, Mama Redio! Karibu. Nikupe bunda zima kama kawaida?"

"Nipe moja tu."

Sultanali akashusha miwani. "Moja? Umegombana na ukoo?"

"Na mmoja tu. Ndiyo maana nataka moja."

Akaijazia palepale juu ya kaunta, kwa herufi kubwa, akisita na kucheka peke yake. Sultanali alijaribu kusoma kwa upande asiweze. Alipomaliza, akaipeleka kadi mwenyewe hadi mapokezi ya redio.

Ilisomwa Jumatatu. Treni ya mizigo ilikuwa imesimama, na wachuuzi wote wa stesheni walikuwa kivulini mwa ghala. Thani, kijana mtangazaji wa kipindi, akaanza kwa kasi yake ya kila siku.

"Kadi inatoka kwa Mwanajuma wa Igalula. Anawasalimu: moja, wifi yake Nyamizi wa Bukene. Mbili, dada wa Abbasi, palepale Bukene. Tatu, shangazi wa Hafsa, bibi harusi mtarajiwa. Nne..." Kasi ikapungua. "Nne, mama mwenye mlango wa bluu karibu na mashine ya mpunga, Bukene. Tano, mwanamke aliyenipokea mimi nikiwa mwari mgeni, nikilia. Sita, mpika michembe ya viazi vitamu vikavu asiye na mpinzani Nzega nzima. Jamani, huyu si mtu mmoja?"

Kicheko kilisikika studio. Stesheni nako wachuuzi waliweka mabeseni chini.

"Saba, yule aliyecheza kwenye harusi yangu mpaka akavunja kiti chake mwenyewe. Nane, mdai wa kiti kipya mpaka leo. Tisa, Nyamizi. Na kumi..." Thani alishindwa, akavuta pumzi, akaanza upya. "Kumi: na wengine wote, yaani Nyamizi! Ujumbe wake: wifi, mlango wa chumba cha Hafsa unangoja mkono wako."

Mwanajuma alipigiwa vigelegele hadi dereva wa treni akachungulia.

Lakini jioni simu haikulia. Jumanne haikulia. Jumatano Abbasi alitaka kumpigia dada yake, akazuiwa. Mwanajuma alipima karanga vibaya, akawazidishia wateja, na usiku alijiuliza kama kicheko kile hakikuwa kimemwongezea mwenzake aibu badala ya kuifuta.

Alhamisi, zikiwa zimebaki dakika tano kipindi kiishe, Thani akasema, "Kuna kadi imeletwa na kondakta wa basi la Nzega. Inatoka kwa Nyamizi wa Bukene."

Mwanajuma alifungua kanga, akaishusha redio, akaipakata kama mtoto kweli.

Moja, Hafsa. Mbili, Abbasi. Tatu, bwana harusi. Nne na tano, wakwe watarajiwa. Sita, majirani wote waliokalia mikeka siku ile. Saba, mzee Sultanali. Nane, kondakta. Jina la Mwanajuma lilikuwa bado halijatajwa. Tisa, mtangazaji Thani. Dakika ziliyoyoma, na Mwanajuma akaanza kujiambia kwamba anastahili, kwamba ndivyo alivyomfanyia mwenzake.

"Na kumi," akasema Thani, akilivuta neno kama mpira, "wa kumi, ambaye mwandishi wa kadi anasema amewekewa mahali pake pa heshima, ni wifi yangu kipenzi, Mwanajuma, mbeba redio wa Igalula! Ujumbe: Ijumaa ijayo napanda treni na michembe gunia zima. Mlango asiuguse mtu. Na kile kiti nakidai."

Wimbo ukaingia.

Kiti kimeshanunuliwa, cha mninga, kimewekwa mbele ya mlango wa Hafsa, na watoto wa jirani wamekatazwa kukikalia. Leo ni Ijumaa. Mwanajuma yuko stesheni tangu asubuhi ingawa treni ni ya mchana, hana beseni, na mgongoni hakuna kitu. Redio anayo Abbasi. Mikono yake yote miwili ameiacha wazi, macho yameelekea upande wa Tabora, kule reli inakokunja kona.