Kilio Walichokitaka

Hata sasa, nikishuka Mwatate siku ya soko, sikosi mtu wa rika langu wa kunishika mkono na kuniambia, "Si wewe ndiye yule msichana wa televisheni? Ulilia wewe! Ulilia vizuri sana!" Anasema kwa wema, anatabasamu. Nami namjibu, namuuliza habari za watoto, naendelea na shughuli zangu. Lakini moyoni nachemka. Sikulia vizuri mimi. Nililia kama anavyolia mtoto yeyote aliyeambiwa kwamba mama yake amekufa.

Ilikuwa miaka ya sabini, nikiwa darasa la tatu. Mama alifanya kazi katika kiwanda cha mkonge, palepale ambapo mashine husaga majani mpaka zibaki nyuzi. Baba alikuwa mfanyakazi wa reli Mombasa na alikuja nyumbani mara mojamoja. Kwa hiyo nyumba ilikuwa ya Mama. Asubuhi alinisuka, akanifungia chakula, akaenda kazini, nami nikaenda shule.

Siku moja wakaja shuleni wageni kutoka Nairobi, kwa gari lenye turubai. Walikuwa wanatengeneza mchezo wa televisheni juu ya ukame, na walitaka msichana wa kuigiza yatima. Tulipangwa kwenye mstari mbele ya ofisi. Mkubwa wao, ambaye wenzake walimwita dairekta, alipita akitutazama nyuso, akimshika huyu kidevu, akimgeuza yule shingo. Alipofika kwangu akamwambia mwalimu mkuu, "Huyu. Ana macho makubwa na amekonda."

Sikujua kwamba kukonda ni sifa. Nilirudi nyumbani nikiruka.

Mama hakuruka. Alimuuliza mwalimu wangu wa darasa, aliyekuja jioni kuomba ruhusa, "Atakuwa na nani huko?"

"Atakuwa na mimi, mama. Nimepewa ruhusa niandamane naye kila siku. Ni heshima kwa shule yetu."

Mama alimwamini. Mwalimu huyo alikuwa jirani, tulisali naye kanisa moja, na mkewe alikuwa amemshika Mama mkono siku nilipozaliwa. Mama angemwamini nani mwingine?

Kambi yao ilikuwa Ndara, kwenye nyika ya malisho karibu na Voi, mahali ambapo jua likipanda hakuna kichaka cha kukuficha. Gari lao lilitupeleka asubuhi na kuturudisha nyumbani jioni. Walikuwa wamejenga kibanda cha nyasi kilichochakaa kwa makusudi. Siku ya kwanza, kabla sijasema neno, mwanamke aliyeshughulikia mavazi alinikalisha kwenye kreti ya soda, akachukua mkasi, akakata nywele zangu zote. Misuko ya Mama ilianguka vumbini. Nilimtazama mwalimu. Mwalimu akaniambia, "Zitaota."

Mchana ulipofika, wageni walikaa chini ya turubai wakala wali na kuku. Nilifungua kopo langu la kimanga, mihogo na maharage ya kupondwa, alichonifungia Mama. Yule mwanamke wa mavazi akalichukua, si kwa ukali, akaliweka juu ya gari.

"Utakula tukimaliza. Ukishiba uso unabadilika."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kila siku. Nililala mavumbini, nikatembea juani bila viatu, nikarudia kutembea kwa sababu wingu limepita, nikarudia tena kwa sababu mbuzi ametazama kamera. Mbuzi yule alipewa maji kila tulipopumzika, maana alikuwa wa kukodi na mwenyewe alisimama kando akimchunga. Mimi pia nilikuwa na wa kunichunga. Alikuwa ameketi chini ya turubai akila paja la kuku.

Nyumbani Mama aliniuliza kuhusu nywele. Nikamwambia ni za mchezo. Aliniuliza mbona nakula sana usiku. Nikamwambia huko kuna michezo mingi. Nilificha kwa sababu niliogopa kunyang'anywa nafasi yangu, na mtoto wa umri ule hajui kwamba njaa aliyopangiwa na watu wazima ni jambo la kusemwa.

Kisha ikafika siku ya kilio. Mama wa yatima, ambaye aliigizwa na mwigizaji mmoja wa makamo kutoka Nairobi, anakufa ndani ya kibanda, na mtoto anamkuta. Yule mwigizaji alikuwa mtu mpole, mwenye sauti nene ya redio. Alilala chali, akafumba macho. Mimi nikaingia, nikapiga magoti, nikamtazama. Nzi akatua kwenye pua yake. Pua ikacheza. Nikacheka.

"Kata!" dairekta akapiga kelele.

Tukarudia. Safari hii hakukuwa na nzi, ila niliona tumbo lake linapanda na kushuka, nikakumbuka yule nzi, nikacheka tena. Mwigizaji mwenyewe naye akacheka akiwa maiti. Wakanipaka kitu cha kuwasha chini ya macho. Machozi yalitoka, lakini dairekta akasema uso haujalia, ni macho tu. Jua lilikuwa limeanza kuinama na yeye alikuwa anatazama saa. Akamwita mwalimu wangu pembeni. Niliwaona wakizungumza. Niliona mwalimu akitikisa kichwa kukataa, kisha akisema maneno marefu, kisha akitazama chini.

Mwigizaji alikuwa amesharudi kulala kibandani. Dairekta akaja kwangu, akachuchumaa, akanishika mabega. Uso wake ulikuwa wa huzuni kabisa.

"Mtoto mzuri, kuna habari mbaya imeletwa sasa hivi kutoka kiwandani. Mama yako amenaswa na mashine. Amevutwa mkono, wakashindwa kumtoa. Pole sana. Mama yako amefariki."

Nilimtazama mwalimu ili akane. Mwalimu akageuza uso.

Mtu asiyetoka kwetu hawezi kuelewa maneno yale yalivyoniingia. Jirani yetu mmoja alikuwa amepoteza mkono kwenye mashine ileile. Nilikuwa nimemwona akirudi kutoka hospitalini, mkono wa kanzu umefungwa fundo begani. Kila asubuhi Mama akivaa aproni yake nilitazama mikono yake.

Sikumbuki niliingiaje kibandani, kama nilisukumwa au nilikimbia. Nakumbuka nimemwangukia yule mwanamke, namvuta nguo, namwita Mama kwa Kidawida, lugha yetu ya nyumbani, maana Kiswahili kilikuwa kimenitoka chote. Nilipiga kelele mpaka nikatapika maji. Na nyuma yangu nilisikia ile mashine ya picha ikikereza, polepole, bila kusimama.

Aliyesimamisha ni maiti. Yule mwigizaji alifumbua macho, akaketi, akanikumbatia, akauliza kwa sauti iliyofika mpaka kwenye magari, "Mmemwambia nini huyu mtoto?"

"Umeharibu!" dairekta alimjibu. Halafu akasema, "Hapana, basi. Tumepata ya kutosha."

"Nimeuliza mmemwambia nini."

Kijana wa taa ndiye aliyemweleza. Yule mwigizaji alinishika uso kwa mikono yote miwili. "Nisikilize. Mama yako yuko hai. Wamekudanganya. Hakuna habari iliyoletwa. Umeona pikipiki hapa? Umeona mtu amekuja?"

Sikumwamini. Ningemwaminije mtu aliyekuwa amekufa dakika moja iliyopita? Watu wote pale walikuwa na kazi ya kusema yasiyo kweli, na sasa mwalimu wangu alikuwa mmoja wao. Nilitaka Mama tu. Mwigizaji akawaambia hatatamka neno jingine mbele ya kamera mpaka nirudishwe kwetu, akapanda gari pamoja nami, tukaenda Mwatate bila mwalimu.

Tulisimama kwenye lango la kiwanda. King'ora kilipolia wanawake wakaanza kutoka, nyuzi nyeupe zimewaganda kwenye nywele. Mimi sikutazama nyuso. Nilitazama mikono, mmoja mmoja, mpaka nikaona miwili niliyoijua.

Mama hakufoka siku ile. Mwigizaji alimsimulia yote, akamwomba msamaha kwa jambo ambalo si yeye aliyelitenda. Mama alimshukuru, akanibeba mgongoni ingawa nilikuwa mkubwa wa kubebwa, akanipikia. Nililala nimeushika mkono wake.

Asubuhi hakwenda kazini. Alivaa aproni ileile ya kiwandani, akanichukua, tukapanda gari la kwenda Voi na kutoka pale tukatembea mpaka kambini. Tuliwakuta wanakunywa chai.

"Mkubwa wenu ni nani?"

Dairekta akainuka na kunyoosha mkono. "Karibu sana, mama. Mtoto wako ana kipaji cha ajabu. Jana ali..."

"Mimi nimekufa lini?"

"Unasema?"

"Nauliza nimekufa lini. Mtoto wangu ameambiwa nimekufa, na mimi sijaambiwa. Nimekuja niulize."

Kuna watu walicheka, kisha wakaona si jambo la kucheka.

"Mama, hii ni sanaa," akasema dairekta. "Ni njia ya kumsaidia mtoto afikie hisia. Hata Ulaya wanafanya. Hakuna aliyeumizwa."

"Mvue viatu mtoto wako umwambie hivyo," Mama akasema. Kisha akamgeukia mwalimu. Sauti yake ilishuka, na hapo ndipo nilipoogopa. "Mwalimu, hawa ni wageni. Hawajui hata kiwanda kiko upande gani. Habari ya mashine wameitoa wapi?"

Mwalimu alikuwa na kikombe mkononi. Hakunywa wala hakukiweka chini.

"Nilikuuliza atakuwa na nani huko. Ulisema atakuwa na wewe."

Mama alitaka kipande kile kiondolewe. Dairekta akaahidi mbele ya wote kwamba hakitatumika kamwe. Akaahidi haraka, kama mtu anayefukuza nzi. Tukaondoka, na sikurudi tena Ndara. Sehemu zilizobaki waliziigiza na msichana mwingine aliyevalishwa gauni langu bovu na kupigwa picha kwa nyuma.

Mchezo ulionyeshwa muda mrefu baadaye. Pale Voi palikuwa na televisheni moja ya watu wote, kwenye ukumbi, imefungiwa ndani ya sanduku la mbao lenye kufuli, na mtunzaji wake ndiye aliyeifungua jioni. Nusu ya Mwatate ilishuka kutazama. Mwalimu mkuu alikaa mbele na suti. Mimi na Mama tulikaa katikati.

Kilio kilikuwapo. Kilikuwapo chote, tena ndicho walichomalizia mchezo. Nilijiona mdogo, kichwa kipara, nikimvuta nguo yule mwanamke, na nikasikia sauti yangu ikimwita Mama kwa Kidawida. Hawakuwa wametafsiri. Ukumbi mzima ulipiga makofi. Wanawake walijifuta machozi. Mtu nyuma yetu akasema, "Mtoto huyu ameigiza!"

Mama aliinuka, akapita katikati ya magoti ya watu, akaizima televisheni.

"Hajaigiza," akasema. Watu walikuwa wananung'unika, wengine wanamwambia akae. Hakukaa. "Alidanganywa kwamba nimesagwa na mashine. Hayo mnayoyapigia makofi ni mtoto ananililia mimi. Walimnyima chakula mchana kutwa ili akonde vizuri. Na shule ilijua."

Mwalimu mkuu akasema kwa upole kwamba hapa si mahali pake. Nilimchukia kwa upole ule. Kama ukumbi uliopiga makofi haukuwa mahali pake, mahali pake palikuwa wapi? Kambini Mama aliambiwa ni sanaa. Ofisini kwa mwalimu mkuu, alipokwenda kabla ya hapo, aliambiwa mambo yamekwisha. Alikwenda mpaka kwa chifu, naye akamwuliza kama mtoto alivunjika popote.

Lakini wazazi walisikia. Aliyekuwa wa kwanza kumuunga mkono ni yule jirani wa mkono mmoja, aliyesimama na kusema yeye hakuombwa ruhusa mkono wake utumike kumliza mtoto. Kwenye mkutano wa shule uliofuata walikubaliana kwamba mtoto hatatolewa kwenda kwa wageni wowote bila mzazi wake kuwapo, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mwalimu wangu aliomba uhamisho mwaka huo. Hakuwahi kuja kwetu kusema pole. Alimtuma mkewe na kilo ya sukari, na Mama akairudisha.

Katika miaka ya themanini mimi mwenyewe nilikuwa mwalimu, Werugha, huko juu kwenye ukungu. Wakaja vijana na kamera wakitaka watoto wa tangazo la maziwa. Waliongea vizuri, walikuwa wachangamfu. Niliwaambia kwamba wazazi watakuwapo, watoto watakula kwanza, hakuna kuguswa nywele, na hakuna mtoto atakayeambiwa jambo la uongo ili acheke au alie.

Mmoja wao akakunja uso. "Mwalimu, unatufanya kama wezi."

"Sijasema hivyo. Nimesema mzazi atakaa pale."

"Kwingine hatuulizwi haya yote."

Basi wakaenda kwingine. Tangazo nililiona baadaye limebandikwa ukutani kwenye duka moja la Wundanyi: watoto wa shule ya ng'ambo ya bonde, wamevalia fulana tu, miguu mitupu, wamesimama kwenye nyasi zenye umande na vikombe mikononi, wanatabasamu. Naijua asubuhi ya Werugha. Maji yake hukata vidole. Nilipandwa na hasira, nikavuka bonde kwenda kumuuliza mwalimu mkuu wao kama kulikuwa na mtu wao yeyote pale watoto walipopigwa picha.

"Lakini walifurahi sana," akanijibu. "Walipewa maziwa."

Nikamuuliza kama waliruhusiwa kuyanywa kabla kamera haijazimwa. Hakujua. Hakuwa amekwenda kutazama.