Tope la Majimoto Lililoishia Jalalani

Niliondoka Morogoro kwa ajili ya tope. Katika maabara ya chuo ninakofanya kazi nilikuwa nalea, au tuseme nilikuwa nashindwa kulea, vijidudu vinavyopenda joto. Huishi kwenye chemchemi za maji ya moto, na vingi havivumilii hewa hii tunayovuta sisi. Kila tope nililoletewa na watu waliosafiri lilifika limekufa. Msimamizi wangu, mtu asiyepandisha sauti hata akikasirika, aliniambia niende mwenyewe, safari moja tu. Nikirudi na chupa zisizoota kitu, utafiti ufungwe, nami nirudi kuandaa mazoezi ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Nilichokuwa nakitafuta kinaelezeka. Ndani ya kila kiumbe mna vimeng'enya, yaani mafundi wadogo wa kuvunja na kuunga vitu, na wengi wa mafundi hao hushika chembe ya madini kama chuma, shaba au zinki. Vijidudu kadhaa vya joto vimechagua tungsteni, ile ile iliyokuwa waya wa ndani wa globu za zamani. Kwa msaada wake hugeuza hewa ya ukaa kuwa asidi ya jamii ile wanayotumwagia sisimizi wekundu wa kwenye michungwa. Mwili wa binadamu hauihitaji tungsteni kabisa. Nilitaka kujua kama kwenye chemchemi za Majimoto, mkoani Katavi, vipo vijidudu vinavyoihitaji.

Treni ilitupeleka Tabora, kisha Kaliua, na kutoka hapo ikaingia tawi la Mpanda na kupunguza haraka yake yote. Nilikaa na mama mmoja aliyekuwa anarudi na majembe mapya. Aliniuliza nafuata nini huko kwao. Nikamwambia nafuata maji ya moto. Akasema ni mazuri sana kwa miguu. Jibu langu hilo la maji ya moto lilikuwa limeninyookea mdomoni tangu Dodoma, maana kila nilipojaribu kueleza vimeng'enya, msikilizaji alianza kutazama dirishani.

Mpanda nililala usiku mmoja. Asubuhi bajaji ilinipeleka stendi, nikapanda gari la Usevya. Barabara inapita Sitalike na kuikata hifadhi. Kondakta aliagiza madirisha yafungwe kwa sababu ya mbung'o, tukaiva humo ndani kwa utulivu, tembo wawili wakitutazama tukipita. Walioingia na mbung'o nguoni walisemwa mpaka Kibaoni.

Usevya nilipokelewa na Mama Nestori, mkulima wa mpunga, shemeji wa mwenzangu wa kazini. Ni mwanamke mrefu, mwepesi, ambaye ufagio hauko mbali na mkono wake. Ua wake ulikuwa umefagiwa hadi ukabaki na mistari.

"Karibu dada. Shemeji kasema unafuata nini vile?"

"Maji ya Majimoto, Mama Nestori."

"Hayo tu? Yapo mengi, utachoka mwenyewe."

Kesho yake mdogo wake, Gasper, alinipeleka kwa bodaboda. Tulipita kwanza ofisi ya kijiji kuomba ruhusa, kisha tukafika kwenye chemchemi. Maji yalikuwa yakitoka mvuke, ukingo una utando wa kijani, na harufu yake ni ya yai lililooza. Wanawake walikuwa wanafua upande wa chini ambako maji yamepoa. Mimi nilitafuta pale yanapochomoza, nikafunga kijiko kwenye fimbo ndefu, nikachota tope jeusi la chini kabisa. Nilijaza chupa hadi pomoni pasibaki hewa, nikafunga vizibo vya mpira. Gasper alijaza dumu la maji kwa ajili ya dada yake.

"Sasa na tope unalipeleka wapi?" aliniuliza.

Nikamweleza habari ya globu. Akafikiri kidogo, akasema, "Kwa hiyo wanakula waya." Nikamwambia si mbali sana na hapo. Nilirudi Usevya nikiwa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu nianze utafiti huo, nikapanga chupa zangu kwenye benchi la sebuleni.

Asubuhi ya kuondoka, nilipotoka kuoga, chupa zilikuwa zinang'aa. Ndani yake mlikuwa na maji meupe kabisa. Mama Nestori alikuwa anafuta ya mwisho kwa khanga.

"Mama Nestori, tope liko wapi?"

"Nimelimwaga, dada. Lilikuwa linanuka. Mgeni wangu atoke hapa na tope, huko watasema sisi watu gani? Nimekuchujia maji ya dumu, kwa kitambaa kipya."

Nilikasirika. Nilikasirika hadi nikakaa chini, na kilichoniumiza zaidi ni kwamba hapakuwa na wa kumlaumu. Nilimwambia nafuata maji, naye akanipa maji yaliyo safi kuliko niliyochota. Gari la Mpanda lilikuwa linapakia, na treni ya siku ile ikinipita ningesubiri hadi ruhusa yangu ya kazi iishe. Nafasi ya kurudi Majimoto haikuwepo.

"Umelimwaga wapi?"

Akanionyesha jalala nyuma ya jiko. Tope lilikuwa limetandaa juu ya pumba, majivu, maganda ya ndizi na samadi ya mbuzi, hewa yote ya Usevya ikipita juu yake. Nikapiga magoti, nikajaza chupa mbili kwa mikono. Mama Nestori alisimama ameshika kiuno, macho yamemtoka.

"Sasa unabeba jalala langu?"

"Nalibeba."

"Haya. Ila huko usiseme limetoka kwangu."

Nikamwahidi.

Morogoro niligawa kila kitu katika chupa za maabara, nyingine nikazitia tungsteni, nyingine nikazinyima, nikazifungia kwenye joto bila hewa. Maji yaliyochujwa hayakuota chochote. Uchafu wa jalala ulikaa kimya, nikaanza kuzoea wazo la wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Kisha chupa zenye tungsteni zikaanza kuchafuka, zikawa na asidi. Zilizonyimwa zilibaki jinsi zilivyokuwa. Vijidudu vya aina hii, vikibanwa, hujifungia ndani ya ganda gumu kama mbegu na kusubiri. Nilishangilia peke yangu chumbani.

Msimamizi alitazama, akaridhika, akauliza swali nililokuwa nalikwepa. Nimejuaje kwamba vimetoka kwenye chemchemi? Samadi na pumba zikichacha hupata joto nazo, na ndugu za vijidudu hivi wamewahi kukutwa humo. Utafiti haukufungwa, lakini jina la chemchemi likakatwa kwenye ripoti, na mahali pa asili ya vijidudu pakawa na nafasi tupu. Nilijifunza kwamba mtu anayekukaribisha huhudumia kile ulichomwambia, na mimi kwa uvivu wa kueleza nilikuwa nimemwambia nusu.

Nikampigia simu Mama Nestori, nikamweleza yote safari hii, vimeng'enya na asidi, bila kuruka. Hakunikatiza. Nikamwambia kwamba nilimwahidi kunyamaza, lakini ukweli ni kwamba wadudu hao ni wa jalala lake, na siwezi kuandika kingine.

Akauliza kwanza:

"Wataalamu watasoma?"

"Watasoma."

"Basi andika," alisema. "Lakini dada, ungeniambia siku ile ile, ningelifagia kwanza."