Bonge la Barafu la Mwalimu Helena

Wenzangu, leo nimemwangusha mwalimu wetu wa halaiki.
Naibandika habari hii mwenyewe kwenye gazeti letu la ukutani, kabla hamjasimuliwa.

Mnajua kwamba zamani, kwao Kanada, Mwalimu Helena alikuwa akishindana kucheza huku akiteleza juu ya barafu.
Mimi nilitaka tumwone, walau mara moja.

Basi nikanunua bonge la barafu kwa wauza samaki Kariakoo, nikalifunga kwenye gunia, nikalitua uwanjani mbele yake.
"Shikamoo, Mwalimu. Tuchezee kidogo tu!"

"Yaani ndio uwanja wenyewe huo?" akadakia Mwajuma.
(Kweli, lilikuwa dogo kuliko dawati.)

Mwalimu akalitazama, kisha akanitazama mimi.
"Marahaba. Haya, mwanangu."

Akapanda. Goti likakunjika, akaanguka.
Darasa zima tukacheka. Nami nilicheka!

Akasema palepale chini, "Goti hili ndilo lililonistaafisha. Siku ile pia nilianguka mbele ya watu. Wao walinyamaza."

Alasiri hakuja mazoezini.

Kesho nakwenda kwake kumwomba radhi.
Peke yangu naogopa. Atakayenisindikiza aandike jina lake hapa chini.