Saumu Niliyofungishwa na Bibi Kanta

Kila nikisikia harufu ya haradali ikipasuka kwenye mafuta ya moto, tumbo langu hununa. Miaka mingi imepita, lakini tumbo halisahau, nanyi nitawaambia sababu mradi isifike mbali.

Tulikaa Njoro ya Moshi, nyumba mbili ukuta mmoja: sisi Waislamu upande huu, Bibi Kanta na wanawe Wahindu upande ule. Tangu azaliwe, bibi yule hakuwa ameonja nyama, samaki wala yai. Mjini hata chai hakunywa, maana hakujua kikombe kilikotoka. Jiko pekee aliloliamini nje ya kwake lilikuwa la mama yangu. Mama alimwekea sufuria yake na mwiko wake, vilivyotundikwa kwenye msumari wa peke yake. Kila Idi alianza na pilau ya njegere na viazi ya Bibi Kanta, kabla nyama haijavuka kizingiti, kisha mimi ndiye niliyebeba sinia.

Mwaka ule nilikuwa na miaka tisa, na nilikuwa nimeutangazia mtaa mzima kwamba nafunga Ramadhani yote. Mchana nilijipenyeza kwa Bibi Kanta kula chevda, vile vitafunio vyake vikavu vya kukaanga vyenye njugu. Siku mama alipojisifu kwake juu ya mwanawe mcha Mungu, bibi akamjibu bila kupepesa kwamba mcha Mungu huyo amemmalizia debe zima.

Nikanyang'anywa gauni la Idi. Mama alikuwa amelifukua kwenye marobota ya mitumba Kiboriloni, lina marinda ya kutosha kufunika kijiji. Likaenda kwa binamu yangu Rukia. Nikaapa mbele ya mlima Kibo, uliotoka mawinguni makusudi kunishuhudia, kwamba yule bibi atajuta.

Siku ya Idi, mama alipotoka kupokea wageni, nikachota supu ya nyama kwenye sufuria kubwa, miko mitatu, nikaimwaga kwenye pilau ya bibi, nikakoroga. Nikabeba sinia kwa madaha ya bibi harusi. Nikasimama mlangoni nishuhudie.

Akala tonge la kwanza, la pili. La tatu akalitafuna taratibu mno. Akatoa mdomoni kinyama kidogo kama punje ya mchele, akakiweka kiganjani, akakitazama. Nilikuwa nimesubiri wiki nzima nicheke. Kicheko hakikuja.

"Mama yako ndiye kafanya hivi?"

Nikatikisa kichwa kukataa.

"Ni ile habari ya gauni?"

"Ndiyo, bibi."

Akasukutua kinywa kwa maji ambayo, nawaapia, yangenywesha shamba la migomba. Aliporudi, sauti yake ilikuwa ya chini.

"Wanangu wakijua, sinia la mama yako halitavuka tena mlango huu. Kwa hiyo hawatajua. Na mama yako hatajua. Ila usidhani nimekusamehe. Kesho tunafunga, wewe na mimi. Mimi kwa nilichokula leo, wewe kwa ulichokula mwezi mzima."

Mama aliambiwa naenda kusaidia kuchagua mawe kwenye dengu. Nilichagua dengu za kulisha Moshi yote mpaka Shirimatunda. Naye bibi, bila kutia kitu mdomoni, alikaanga bhajia na kuunga mboga kwa haradali tangu asubuhi hadi alasiri, akanituma mimi niwapelekee wajukuu zake sahani, zote zikipita chini ya pua yangu. Nikilegea, ananiuliza, "Vipi, mcha Mungu, dengu zinanoga?"

Adhana ya magharibi ilipolia, alinipa maji kwa mkono wake. Yeye hakula mpaka kesho yake.

Tangu hapo, kila Idi nikifikisha sinia, alininyooshea kijiko mbele ya watu: "Onja wewe kwanza, Zaituni." Wageni walidhani ni mapenzi. Mimi nilijua ni kisasi, na kilidumu mpaka nilipoolewa.

Utotoni niliona amenishinda na ananisimanga tu. Ukubwani ndipo nilipoelewa kwamba nilimvunjia nadhiri ya maisha yake yote, naye angeweza kunilipa kwa sentensi moja tu kwa mama. Hakuisema. Mama alikufa akiamini mkono wake haukumkosea jirani yake hata Idi moja. Siri hiyo tuliibeba wawili, mimi na Bibi Kanta, na upande mzito haukuwa wangu.