Mama Ganzi na mifuko arobaini ya saruji

Saa tatu kasoro dakika kumi asubuhi. Katika chumba chenye kiti kimoja cha matibabu na harufu kali ya dawa ya kuulia vijidudu, daktari wa meno ameinamia kinywa cha fundi seremala aliyevimba shavu. Koleo liko mkononi na macho yako kwenye gego, lakini masikio yako mlangoni.

"Utasikia nasukuma, hutasikia maumivu," anamwambia. "Ukisikia maumivu, inua mkono."

Seremala anainua mkono kabla hajaguswa.

"Baba, hiyo ni hofu. Shusha."

Mapokezini wamekaa watu watano, kila mmoja na shavu lake. Daktari anamsubiri mtu wa sita, tarishi wa ofisi ya kodi, aliyeahidi kufika kabla ya saa sita na bahasha. Ndani ya bahasha mna jibu la pingamizi aliloliwasilisha wiki sita zilizopita. Likiwa jibu baya, atatakiwa kulipa milioni tisa na laki nne, na huenda akafikishwa mahakamani.

"Kitu pekee cha kuuzika hapa ni hiki kiti," anasema akiwa bado ameinama. "Na nikikiuza, nitawang'oa watu meno wamesimama?"

Wagonjwa wanamwita Mama Ganzi, kwa sababu hagusi jino mpaka ganzi ishike sawasawa, hata foleni iwe ndefu kiasi gani. Ana miaka arobaini na mmoja. Alifanya kazi miaka saba katika hospitali kubwa, kisha akaacha na kufungua kliniki yake katika vyumba viwili vya mbele vya nyumba anayoishi na mama yake. Huu ni mwaka wa sita.

Kwa siku huwaona wagonjwa kumi na wanne hivi. Akishalipia dawa, umeme, matengenezo na mshahara wa msaidizi wake, hubakiwa na kama laki saba kwa mwezi. Deni analoogopa ni zaidi ya mwaka mzima wa jasho lake.

"Chuoni nilifundishwa mishipa yote ya uso," anasema. "Hakuna aliyeniambia kwamba glavu ni gharama ya biashara, na kwamba usipothibitisha umeinunua, utatozwa kodi kana kwamba ulifanya kazi kwa mikono mitupu."

Hapo ndipo ulipo mzizi wa kisa chake. Mwenye kliniki hutozwa kodi kwenye faida, yaani kile kinachobaki baada ya kutoa gharama za kazi. Ganzi, glavu, koleo, mafuta ya jenereta, hata kuchakaa kwa kiti, vyote hutolewa kwanza. Lakini hutolewa kwa ushahidi. Asiye na karatasi huhesabiwa kuwa hakununua kitu.

Afisa wa kodi alikuja kwa mara ya kwanza Jumatatu moja, akiwa na mkoba mweusi. Msaidizi wa kliniki, dada mmoja anayeitwa Kipaza kwa ajili ya sauti yake, hakumuuliza shida yake. Alimpa namba ya foleni: kumi na moja.

Mama mmoja aliyekaa karibu naye akamwonea huruma. "Usiogope, kaka. Mkono wake mwepesi."

"Meno yangu mazima, mama," afisa akajibu. "Nimekuja kuona vitabu."

Kipaza anasema mapokezi yote yalinyamaza ghafla. "Hata aliyekuwa akilia jino alinyamaza."

Vitabu havikuwapo. Vilikuwa kwa shemeji wa daktari, mume wa dada yake mkubwa. Shemeji huyo ni karani wa ghala, na jioni huwaandikia hesabu wenye biashara ndogondogo. Za kliniki aliziandika bila malipo tangu siku ya kwanza. Daktari alikuwa akimpelekea risiti kwenye mfuko wa plastiki kila baada ya miezi mitatu, na mwisho wa mwaka alikuwa akitia saini pale alipoonyeshwa kidole.

"Sikusoma," anakiri. "Nilimwamini. Na ningeachaje kumwamini? Nilipofika mwaka wa nne chuoni, baba alifariki. Shemeji aliuza pikipiki yake akanilipia ada mpaka nikamaliza. Miaka miwili alikwenda kazini kwa miguu kwa ajili yangu."

Wiki tatu baada ya afisa kuchukua mafaili, barua ikaja. Ofisi ilikuwa imekataa sehemu kubwa ya gharama za miaka mitatu. Umeme ulikataliwa wote, kwa sababu nyumba na kliniki vinatumia mita moja. Safari za gari zilikataliwa kwa kuwa ni gari la familia. Na katika maboksi mia moja thelathini na moja ya ganzi yaliyoandikwa, yalikubaliwa thelathini na manane tu.

Risiti za mengine zilikuwapo, ila zilikuwa zimefutika. Zilichapwa kwenye ile karatasi laini ya mashine, na joto la mfuko wa plastiki lilizifanya nyeupe pe. Muuzaji naye alishafunga duka na kuhama.

"Nilimwambia afisa, kaka, hii ilikuwa na maandishi. Akaishika, akaigeuza huku na huku, akaniambia, 'Daktari, nakuamini. Lakini siwezi kuweka imani kwenye faili.'"

Alipewa siku thelathini za kupinga. Alianza siku hiyohiyo.

Njia aliipata kwenye daftari la matibabu. Kila jino alilowahi kugusa limeandikwa humo, na kila sindano. Ikawa kila wakifunga kliniki, yeye na Kipaza wanakaa wanahesabu. Majina ya wagonjwa waliyafunika kwa vipande vya karatasi na gundi, kwani siri ya mgonjwa haiondolewi na barua ya kodi. Iliwachukua siku kumi na moja. Walipata sindano elfu tano mia nane arobaini na mbili.

"Boksi moja lina sindano hamsini," anaeleza. "Piga hesabu. Hata zisizohesabika, zile zilizovunjika na zilizopitwa na wakati, ukiziweka kando, ni maboksi karibu mia moja na kumi na saba. Meno ya watu hayakung'oka kwa maombi."

Kwa safari za gari alikwenda shule tatu za bweni, ambako huwapima wanafunzi meno kila muhula, na kuwaomba wakuu wa shule barua zenye tarehe. Kidogo kidogo faili likaanza kunenepa.

Siku ya kumi na mbili alifungua faili la gharama zilizokubaliwa, ambalo ofisi ilikuwa imemrudishia, ili tu kulinganisha mwandiko. Humo ndimo alimokuta saruji.

Mifuko arobaini. Chini yake nondo, kisha mabati, kisha matairi mawili ya lori. Risiti zote zilikuwa safi, zinasomeka vizuri, na juu yake kwa kalamu ya shemeji imeandikwa: ukarabati wa kliniki.

"Nilikaa chini," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii sauti yake inashuka. "Mimi sijajenga hata banda la kuku. Risiti zangu za kweli zimekataliwa, za uongo zimekubaliwa. Na saini yangu iko chini ya kila ukurasa."

Jioni hiyo alikwenda kwa shemeji yake. Alimkuta barazani, nyuma yake ukuta mpya wa vyumba vya kupangisha ambavyo havijapigwa rangi bado.

"Shem, kwani nimekuibia?" shemeji alimuuliza akicheka. "Nimekupunguzia kodi. Kila mtu anafanya hivyo. Hiyo mifuko wameipitisha, sasa wewe unaamsha aliyelala ili iweje? Na hizo risiti zako zilizofutika, nina mtu ana kitabu kizima. Kesho nakuletea zote, na mihuri juu."

"Naomba mafaili yangu yaliyobaki, shemeji."

Kicheko kikakatika. "Unaniondoa?"

"Naomba mafaili yangu."

Aliyabeba mwenyewe hadi kwenye gari. Kabla hajafika nyumbani simu ililia. Alikuwa dada yake.

"Ndiyo malipo yetu hayo?" dada alimwambia. "Kweli wahenga walisema, shukrani ya punda ni mateke."

Akakata. Tangu siku hiyo hawajazungumza.

Zilibaki siku kumi na nane. Daktari anasema hakulala vizuri hata siku moja, na mara moja alijikuta amesimama mbele ya mgonjwa akiwa amesahau ni jino gani. Akaivua glavu, akaomba dakika tano, akaenda kunywa maji uani.

Mama yake alikuwa huko akichambua mboga. "Usipoitaja saruji, nini kitatokea?" mama akauliza.

"Pengine hakuna, mama."

"Na ukiitaja?"

"Nitaongezewa deni. Pengine nishitakiwe."

Mama aliendelea kuchambua. "Shemeji yako ni mwema na ni mwongo. Yote mawili ni yeye. Mimi siwezi kukuchagulia, nyote ni wanangu."

Siku ya ishirini na tisa alipanda ngazi za ofisi ya kodi na katoni mbili. Chumba kilikuwa na meza nne na feni inayogonga. Alitoa madaftari, barua za shule, bili za umeme pamoja na mchoro wa nyumba kuonyesha vyumba vya kliniki. Juu ya yote akaweka karatasi moja aliyoiandika kwa mkono.

Afisa akaisoma mara mbili. "Hizi tulishazikubali, daktari."

"Najua. Zitoeni. Si za kliniki."

"Nani aliziandika?"

"Saini iliyo chini ni yangu."

"Nimeuliza aliyeandika."

"Nami nimekujibu, kaka. Niliyesaini ni mimi."

Afisa akamweleza, bila ukali, kwamba maelezo ya uongo kwenye hesabu ni kosa na kwamba uamuzi hautakuwa wake peke yake. Kisha akavuta katoni ya kwanza na kuanza kuhesabu sindano.

Daktari alishuka ngazi mikono mitupu, akarudi kliniki.

Saa nne na nusu, seremala ameshaondoka na pamba mdomoni, kitini amekaa binti wa miaka tisa aliyemkumbatia mdoli. Pikipiki inasimama nje. Kipaza anaingia bila kubisha, bahasha mkononi, na safari hii ananong'ona.

"Imekuja."

Daktari haigeukii. "Weka mezani."

"Nikufungulie?"

"Aliyeko kitini kwanza."

Anaziba jino la mtoto kwa dakika ishirini na mbili. Mwandishi wa habari hii alizihesabu. Anamsifu mtoto, anamsifu mdoli, anamweleza mama yao ni chakula gani waepuke hadi jioni. Mlango unapofungwa ndipo anavua glavu, ananawa, na kuketi kwenye kiti cha wagonjwa kuifungua bahasha.

Anasoma kimya. Anarudi mwanzo, anasoma tena.

Ganzi imekubaliwa, maboksi mia moja kumi na saba. Safari za shule zimekubaliwa. Umeme umekubaliwa kwa asilimia sitini. Kuchakaa kwa kiti, ambako shemeji hakuwahi kuandika hata mara moja, kumeongezwa kwa manufaa yake. Saruji, nondo, mabati na matairi vimetolewa, na juu yake kuna faini. Mwisho wa ukurasa kuna onyo kali la maandishi, lakini hakuna mashitaka, kwa kuwa alijitokeza mwenyewe.

Jumla: milioni mbili na laki moja, kwa awamu sita.

"Kiti kimepona," anasema taratibu. Kipaza anapiga kigelegele ambacho bila shaka kimesikika mtaa wa pili. Mapokezini mtu anauliza kama kuna aliyejifungua.

Daktari hashangilii. Laki tatu na nusu kila mwezi ni nusu ya kinachombakia, na miezi sita ni mirefu. Tena habari za mafaili zilishasambaa. Wateja watatu wamemwondolea shemeji vitabu vyao, ingawa daktari hakumtaja kwa mtu yeyote.

"Watu wananiambia nimeshinda," anasema. "Nimeshinda nini? Aliyenisomesha ananiona adui."

Mipango anayo. Mwezi ujao fundi ataweka mita ya pili, ya kliniki peke yake. Kila risiti inapigwa picha siku ileile inapotoka. Ijumaa, saa moja kabla ya kufunga, hapokei mgonjwa. Anakaa na Kipaza kuandika hesabu, ukurasa kwa ukurasa, na hatii saini asichokisoma. Mkunga mwenye kliniki jirani ameomba ajiunge nao. "Mali bila daftari huisha bila habari," daktari anasema. "Nilikuwa nikidhani msemo huo ni wa wenye maduka."

Lakini lililo karibu zaidi ni Jumapili hii. Atakwenda kwa dada yake. Atapendekeza shemeji asome kozi ya jioni ya uandishi wa hesabu, ada alipe yeye, hata kama itambidi aanze kulipa baada ya awamu sita kwisha. Hajui kama atasikilizwa.

Mama yake, aliyesimama mlangoni na beseni la nguo, anamkata kauli. "Usiende na maneno ya kodi. Nenda kama mdogo wake."

Daktari anacheka kidogo, anavaa glavu mpya, anamwashiria Kipaza amwite anayefuata.

"Nitapiga hodi," anasema. "Akifungua, nitaingia. Asipofungua, nitarudi Jumapili nyingine."