Shimo Alilonipa Tata

Siku moja naikumbuka hadi leo, mwanangu. Shule niliishia darasa la tatu, lakini majina ya watu ninayo yote. Nilikuwa mtoto kwetu Kashozi, na Tata, yaani baba yangu Laurenti, alikuwa anapanda miche ya migomba kibanjani, shamba letu la kuzunguka nyumba. Nikamwambia nami nataka kupanda. Hakunifukuza nikamenye ndizi na mama. Alinichimbia shimo karibu na mlango, akasema, "Hili ni lako, Byera. Mche chagua mwenyewe."

Nikachagua wenye majani mapana, wa kupendeza. Wewe unayejua migomba umeshacheka. Mche wa maana ni ule wa majani membamba kama mkuki. Huo mwingine ni sura tu. Tata aliona, akanisaidia kuufukia.

Mgomba wangu ukazaa mkungu mdogo, ndizi kama vidole vya mtoto. Shangazi Pelagia alipokuja kututembelea hakungoja hata kukaa.

"Laurenti, shimo zima umelipoteza kwa mtoto wa kike! Kesho ataolewa, kibanja hiki si chake."

"Dada, aliyechimba ni mimi. Mgongo unaouma ni wangu." Kisha akanigeukia. "Byera, umeona nini?"

"Majani mapana yamenidanganya, Tata."

"Basi umevuna. Utachagua tena."

Mkungu ule ukapikwa siku hiyohiyo, na kwa udogo wake wote, Shangazi ndiye aliyekula nyingi.

Niliolewa Muleba. Mume wangu Protasi alipofariki, haukupita muda mrefu ugonjwa wa mnyauko ukaingia kibanjani. Majani yananyong'onyea, ndizi zinaiva kabla ya wakati, ukizikata ndani zimeoza. Nilikuwa na panga moja. Nikakata mgomba mgonjwa, nikaenda na panga lilelile kupunguza majani ya mzima, kama tulivyozoea wote. Ugonjwa ukazidi. Shemeji Deusi, mdogo wake Protasi, akaja akasimama kwenye kona ya kibanja.

"Mama Koku, kibanja kimekufa. Rudi kwenu Kashozi, ukoo utajua la kufanya na ardhi."

Hakusema kwa ubaya. Lakini mjane bila kibanja ni mgeni hata jikoni kwake, na watoto wangu walikuwa watatu, Koku ndiye mkubwa.

Alipoondoka nikajiuliza swali la Tata: Byera, umeona nini? Nikazunguka mgomba kwa mgomba. Nikaona ugonjwa umefuata njia niliyopita mimi. Migomba ya nyuma ya jiko, ambayo sikuwa nimeigusa, ilikuwa mizima. Basi ni panga linaloubeba! Tangu hapo sikugusa mgomba kabla panga halijapita motoni. Migomba migonjwa niliikata na kuifukia, mmoja mmoja. Majirani walisema mjane amechanganyikiwa, anapika panga. Baadaye bwana shamba alipita, akasema ndivyo inavyotakiwa. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Ilichukua miaka, lakini kibanja kilisimama. Juzijuzi Shemeji Deusi, mvi tupu sasa, alikuja na panga mkononi.

"Shemeji, naomba miche ya kwako. Yangu imekwisha."

"Karibu, uchague. Ila panga lako lipite motoni kwanza."

Akacheka mpaka akashika mti, akaenda jikoni mwenyewe.

Ninachokuambia ni hiki, mwanangu unayelea. Tata hakunifundisha mnyauko. Enzi zake haukuwepo. Alinipa shimo, akala kosa langu mezani bila kukunja uso, akaniuliza nimeona nini. Nawe mtoto akikuletea kazi mbovu, usimnyang'anye jembe. Muulize, msikilize, mpe shimo jingine. Siku moja atasimama penye shida ambayo wewe huijui, na wewe hutakuwepo.

Mungu awape macho yanayoona na mikono isiyokata tamaa. Migomba yenu isikauke, na mtoto atakayeleta mkungu mdogo apate wa kuula pamoja naye.